Wapolandi walikaa Kidugala, tuwafundishe watoto wetu

Kila mwaka, nikifika kwenye Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kuna kijana mmoja darasani atakayesema Hitler alikuwa mwanaume. Hasemi kwa ubaya. Amesikia hivyo kijiweni, amesikia kwa bodaboda, ameona kwenye simu ya kaka yake kwamba jamaa aliwatikisa Waingereza, akawatikisa Wafaransa, mpaka wakoloni wetu wakaomba poo. Wenzake wanacheka. Mimi nabaki na chaki mkononi, nikijua kwamba kitabu nilichonacho hakitanisaidia, maana kimepanga sababu za vita, kikapanga na matokeo ya vita, na katikati hapo hakuna mama hata mmoja, hakuna mtoto, hakuna chungu jikoni.

Nafundisha historia sekondari, na naishi Hanga, karibu kiasi cha kusikia kengele ya abasia asubuhi. Ninaandika kwa sababu naamini jambo hili tunalifundisha kinyumenyume. Tunaanza na majenerali, tunamaliza na Umoja wa Mataifa, halafu tunashangaa kijana wa miaka 17 anapomsifu muuaji. Na tunalifundisha kama habari ya wazungu wa mbali, ilhali kipande chake kimelala hapa hapa Nyanda za Juu Kusini, na kingine kiko ndani ya nyumba yenyewe iliyotuletea wamonaki wa Hanga.

Nianze na familia, kwa kuwa ndiyo iliyokosekana kitabuni.

Ujerumani iliivamia Poland tarehe 1 Septemba 1939. Siku 16 baadaye Warusi nao wakaingia kutoka mashariki, nchi ikagawanywa kama mzoga. Mwaka uliofuata, mwezi Novemba, Wajerumani waliufunga kwa ukuta mtaa wa Wayahudi jijini Warszawa, wanaouita geto. Eneo lile lilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 3.4, na ndani yake walisongamana zaidi ya watu 400,000. Hao ni wengi kuliko wakazi wote wa Manispaa ya Songea leo, ukihesabu Mfaranyaki, Bombambili, Lizaboni, Ruhuwiko na kwingine kote.

Kwa chakula nilitafuta njia ya kuwaonyesha, kwa sababu namba peke yake mwanafunzi anainakili na kuisahau. Nilikwenda dukani nikaomba nipimiwe gramu 50 za unga wa dona. Muuza duka alinitazama mara mbili, kwani hakuna anayenunua unga kiasi kile. Nikaufikisha darasani, nikaumwaga juu ya karatasi ya daftari mbele ya wanafunzi. Haukufunika hata nusu ya ukurasa. Nikawaeleza kwamba mwaka 1941 mgao rasmi ambao Wajerumani walimpangia Myahudi wa Warszawa ulikuwa kama kalori 184 kwa siku. Mpolandi asiye Myahudi alipangiwa karibu kalori 700, Mjerumani zaidi ya 2,600. Unga ule mezani ulikuwa na kalori karibu hizo hizo 184. Binti mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, huo ni wa uji wa mtoto mchanga?" Nikamjibu ni wa mtu mzima, wa siku nzima, asubuhi mpaka kesho yake asubuhi. Watoto wa Hanga wanalima. Kila mmoja wao ameshika mpini wa jembe na anajua debe la mahindi linalisha watu wangapi kwa siku ngapi. Sikulazimika kuwafafanulia njaa.

Waliobaki hai mle walibaki kwa magendo, na sehemu kubwa ya magendo hayo ilibebwa na watoto. Mtoto wa miaka minane au tisa ndiye aliyeweza kupenya kwenye tundu chini ya ukuta, akatoka upande wa pili, akarudi na viazi vimeshonewa ndani ya koti. Baba aliyekuwa na duka, mama aliyekuwa mshonaji, wote wakawa wanamsubiri mtoto arudi na chakula. Wengine walipigwa risasi kwenye tundu lile lile. Njaa na homa ya chawa viliua watu zaidi ya 80,000 ndani ya ukuta kabla hata treni hazijaanza kuwasomba.

Treni zilianza tarehe 22 Julai 1942. Kwa muda wa miezi miwili tu, Wayahudi wapatao 265,000 walipelekwa kambi ya mauaji ya Treblinka wakauawa kwa gesi. Na hapa nawaomba wasomaji watulie kidogo na jambo moja. Kwa wale watakaojitokeza wenyewe kwenye stesheni, Wajerumani walitangaza zawadi ya mkate kilo 3 na jamu kilo 1. Wapo waliojitokeza. Walikwenda na watoto wao mkononi, kwa kuwa mtu aliyeshindia unga wa ukubwa ule hawezi kuamini kwamba anayempa kilo 3 za mkate anakusudia kumuua siku hiyo hiyo. Mpaka vita inakwisha, Wayahudi wa Poland wapatao milioni 3 walikuwa wameuawa, kati ya milioni 3.3 waliokuwepo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu mkoa mzima wa Ruvuma watu wasiofika milioni 2.

Wapolandi wasio Wayahudi nao waliuawa kwa wingi, ingawa mpango wao ulikuwa tofauti. Myahudi alipangiwa kufutwa, Mpolandi alipangiwa kubaki mtumwa. Mimi kama mwalimu kuna waraka mmoja unaoniumiza kuliko mingine. Mwezi Mei 1940 Heinrich Himmler, mkuu wa SS, jeshi la chama cha Hitler, aliandika kwamba mtoto wa Kipolandi atosheke na shule ya madarasa manne: ajue hesabu isiyozidi 500, ajue kuandika jina lake, na afundishwe kuwa ni amri ya Mungu kuwatii Wajerumani. Kusoma, kwa maoni yake, hakukuwa na haja. Sekondari na vyuo vikuu vya Wapolandi vilifungwa. Waliopelekwa kufanya kazi za shuruti Ujerumani walishonewa herufi P kifuani. Msomaji mwenye umri wangu, aliyesimuliwa na babu yake shule ya mkoloni ilivyokuwa na ilikomea wapi, ataitambua hesabu hiyo ya 500 bila kuelekezwa.

Walimu wa Poland hawakukubali. Waliendelea kufundisha kwa siri, jikoni, chumba cha kulala, watoto watano au sita kwa zamu, vitabu vimefichwa chini ya magunia. Mwalimu aliyekamatwa aliweza kupelekwa kambini asirudi. Nikiwa nalalamika kwamba darasa langu lina wanafunzi wengi na madawati machache, huwa nawakumbuka hao.

Wakristo Wakatoliki wa huku Songea wanalijua jina la Ulma, kwa sababu tarehe 10 Septemba 2023 Kanisa liliwatangaza wenye heri familia nzima, baba, mama na watoto. Lakini wengi walisikia jina kanisani likapita. Józef Ulma alikuwa mkulima wa kijiji cha Markowa, kusini mashariki mwa Poland. Alikuwa na kitalu cha miche ya matunda, alifuga nyuki, alipenda kupiga picha, na nyumbani kwake alifunga kinu kidogo cha upepo kikampa umeme wakati jirani zake bado wako gizani. Ni mtu wa aina tunayoijua vijijini, yule anayejaribu kila kitu kipya. Mkewe Wiktoria alikuwa na watoto sita, na alikuwa na mimba ya saba, karibu kujifungua.

Kuanzia Oktoba 1941, katika sehemu ile ya Poland iliyokuwa chini ya gavana Hans Frank, adhabu ya kumficha Myahudi ilikuwa kifo. Hata hivyo, Józef na Wiktoria waliwapokea Wayahudi 8 darini kwao: mzee Saul Goldman na wanawe wanne, pamoja na wanawake wawili na mtoto mdogo. Hawakuwa wageni wa kukaa bure. Walisaidiana na Józef kutengeneza ngozi, wakauza wakapata chakula. Fikiria nyumba ya mkulima yenye watoto sita, na juu yao watu wanane wengine wanaokula, wanaokohoa, wanaohitaji maji ya kunawa, na majirani wanapita njiani wanaona mama ananunua chakula kingi kuliko watoto alionao. Ilidumu zaidi ya mwaka. Alfajiri ya tarehe 24 Machi 1944 askari wa Kijerumani wakafika. Waliwaua Wayahudi kwanza, wakamuua Józef na Wiktoria mbele ya nyumba, kisha wakawaua watoto wote sita. Mkubwa, Stanisława, alikuwa na miaka saba.

Aliyewasaliti kwa Wajerumani anaaminika kuwa polisi wa Kipolandi wa eneo lile. Hilo nalisema darasani bila kulificha. Nasema pia kwamba katika mji wa Jedwabne, Julai 1941, Wapolandi waliwafungia majirani zao Wayahudi ndani ya ghala wakalichoma moto, watu wasiopungua 300. Nchi iliyokaliwa haigeuki kuwa nchi ya watakatifu. Lakini nasema na hili: baada ya kuzikwa akina Ulma, familia nyingine za Markowa zilizokuwa zimeficha Wayahudi hazikuwatoa nje. Wayahudi wasiopungua 20 walitoka hai kwenye madari na mabanda ya kijiji kile vita ilipokwisha. Hao wenye nyumba walikuwa wamekwisha kuona miili ya watoto wa jirani yao, na bado usiku ule wakapeleka chakula darini kama kawaida. Mimi hilo ndilo ninalotaka kijana wangu alijue anapotafuta nani alikuwa mwanaume katika vita vile.

Sasa nije nyumbani.

Abasia ya Hanga ilianzishwa na Peramiho katika miaka ya 1950, kwa ajili ya Waafrika waliotaka umonaki. Peramiho yenyewe ilianzishwa mwaka 1898 na Wabenediktini wa St. Ottilien, monasteri iliyoko Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Mpaka leo Hanga, Peramiho na Ndanda wote ni wa shirika hilo moja. Kila mtu wa huku ametibiwa, amesoma au amenunua kitabu kilichopita mikononi mwa watoto wa St. Ottilien. Tunalijua jina hilo kama tunavyojua jina la babu wa ukoo.

Ni wachache, hata kati yetu walimu, wanaojua yaliyoipata nyumba hiyo. Tarehe 17 Aprili 1941 polisi wa siri wa Hitler, Gestapo, waliingia St. Ottilien, wakaifunga, wakawatawanya wamonaki. Majengo yakageuzwa hospitali ya jeshi. Wakati mapadre na mabruda wa Kijerumani walioko Peramiho wanahesabiwa na Waingereza kuwa raia wa nchi adui, kule kwao mama yao alikuwa amekwisha kufukuzwa nyumbani na Wajerumani wenzake.

Halafu ikaja siku za mwisho za Aprili 1945. Karibu na St. Ottilien, kwenye maeneo ya Landsberg na Kaufering, kulikuwa na kambi ndogo ndogo zilizo chini ya kambi ya mateso ya Dachau ambamo Wayahudi walikuwa wanafanyishwa kazi mpaka wafe. Wamarekani walipokaribia, Wajerumani waliwapakia wafungwa kwenye treni kuwahamisha. Treni hiyo ilishambuliwa na ndege za Marekani karibu na kijiji cha Schwabhausen, marubani wakidhani ni ya wanajeshi. Wafungwa wengi walikufa wakiwa wamebakiza saa chache kuwa huru. Daktari mmoja Myahudi aliyekuwa mfungwa kati yao, Zalman Grinberg, aliyekuwa ametokea geto la Kaunas nchini Lithuania, aliwakusanya majeruhi. Kwa msaada wa Wamarekani akawaingiza St. Ottilien, kwenye vitanda vya hospitali ile ile ya jeshi la Ujerumani.

Tarehe 27 Mei 1945, juu ya nyasi za monasteri, wanamuziki Wayahudi waliotoka makambini walipiga muziki mbele ya wagonjwa wenzao. Walikuwa wamevaa sare zao za ufungwa zenye mistari. Ninapoeleza hapo huwa nawaambia wanafunzi wapatazame mahali wamonaki wetu wanapopita kwenda sala ya jioni, waone vijana waliokonda wameshika vinanda, na mbele yao watu wasioweza kusimama bado wamekuja kusikiliza.

Hospitali ya Wayahudi ilidumu pale mpaka mwaka 1948. Wengi wa waliokuwemo walitoka Poland na Lithuania, na wengi walikuwa peke yao kabisa: baba wa watoto watatu asiye na mtoto, mke asiye na mume. Wakaoana pale pale, kwa kasi ambayo daktari yeyote angeiogopa, na zaidi ya watoto 400 wa Kiyahudi wakazaliwa ndani ya kuta za St. Ottilien. Wamonaki nao walikuwa wamerudi wakitaka nyumba yao, na maisha ya pamoja hayakuwa mepesi. Myahudi aliyetoka kambini hakuwa na sababu ya kumpenda mtu yeyote anayesema Kijerumani, awe na kanzu asiwe nayo. Sioni haja ya kuipaka sukari habari hii. Inatosha kwamba familia zilizokuwa zimekusudiwa kufutwa duniani zilianza upya katika nyumba ambayo ndiyo chimbuko la abasia yetu, na makaburi ya wale waliochelewa kupona yako pale mpaka leo. Je, kuna mtoto wa Hanga anayeijua habari hii? Kwa nini tusimwambie?

Najua jibu moja nitakalopewa hapa Songea, na ni jibu lenye uzito. Wazee watasema: Mjerumani tunamjua kabla ya Hitler. Tarehe 27 Februari 1906 aliwanyonga hapa mashujaa wetu zaidi ya 60, wakazikwa katika kaburi moja, na siku chache baadaye akamnyonga Nduna Songea Mbano, ambaye fuvu lake linadaiwa mpaka leo. Akachoma maghala na mashamba ili njaa imalize kazi iliyoachwa na bunduki. Mwezi Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja kwenye Makumbusho ya Majimaji akaomba msamaha mbele ya kizazi cha waliouawa. Basi kwa nini tuhangaike na wafu wa Warszawa wakati wa kwetu hawajarudishwa?

Mimi sioni kwamba wafu wanagombania nafasi. Tena aliyezaliwa Songea ndiye anayeweza kuelewa haraka zaidi kwamba njaa ya Warszawa haikuwa ajali ya vita. Mtu wa huku anajua tangu utotoni kwamba kuna watawala wanaotumia njaa kama silaha, wakaipanga mezani kwa kalamu. Sisemi mambo hayo mawili ni sawa kwa kila kitu. Kusudio lilitofautiana, ukubwa ulitofautiana. Lakini mwanafunzi anayesimama kila mwaka kwenye kaburi la mashujaa wetu, kisha akarudi darasani akamsifu Hitler, hajafundishwa kuunganisha mambo, na mwalimu wake ndiye anayepaswa kuulizwa.

Wapo pia watakaoniuliza habari za Gaza. Wanafunzi wangu huuliza, na wana haki ya kuuliza. Nawajibu kwamba mtoto aliyepigwa risasi kwenye tundu la ukuta wa Warszawa mwaka 1942 hakuitawala nchi yoyote wala hakumpora mtu yeyote, na kumlilia yeye hakumzuii mtu kumlilia mtoto wa Gaza. Mwenye moyo wa kuwatosha wote wawili hapungukiwi.

Na Wapolandi je? Hawa walifika kwetu kwa miguu yao.

Ukitoka Songea ukashika barabara ya Njombe na Makambako, unaingia nchi ya Wabena, na huko ndiko iliko Kidugala. Ilikuwa misheni ya Walutheri wa Berlin. Vita ilipoanza Wajerumani wakaondolewa, na majengo yakawa makazi ya wakimbizi wa Kipolandi. Kulikuwa na makazi kama hayo Ifunda, Kondoa na Morogoro, na kubwa kuliko yote lilikuwa Tengeru, chini ya mlima Meru, lenye watu wapatao 5,000. Uganda walikaa Masindi na Koja. Wengi wao walikuwa kina mama na watoto.

Hapa lazima mwalimu awe makini. Familia hizi hazikumkimbia Hitler moja kwa moja. Ni watu wa mashariki ya Poland, upande uliochukuliwa na Stalin. Kuanzia Februari 1940 walitolewa majumbani usiku, wakapakiwa kwenye mabehewa ya ng'ombe, wakatupwa Siberia na Kazakhstan kukata magogo kwenye theluji. Hitler alipomgeukia Stalin mwaka 1941, Stalin akawaachia. Mwaka 1942 wakavuka bahari ya Kaspi kwenda Iran, wakiwa mifupa mitupu, wanaume wakaingia jeshini, na wake na watoto wakapandishwa meli kuja Afrika Mashariki. Nyuma yao walibaki shangazi, bibi na binamu chini ya utawala wa Wajerumani. Wapo waliokuja kujua wakiwa huku kwetu kwamba hawana tena pa kurudi wala wa kumrudia.

Walijengewa nyumba za msonge, za mviringo, zenye kuta za chokaa na paa la majani. Tengeru walikuwa na shule, makanisa, hata sinagogi. Makaburi yao yapatayo 150 yamo ndani ya eneo la chuo cha mifugo cha Tengeru, yanafagiliwa, na wajukuu wanatoka Uingereza, Kanada na Poland kuja kuyaona. Mwaka 1949 mayatima wapatao 150 waliondoka Tengeru na Padre Lucjan Królikowski mpaka Kanada, kwa kuwa Poland ilikuwa imeshaangukia mikononi mwa Stalin yule yule. Ifunda waliyoiacha ikageuka shule ya ufundi, na vijana wengi wa Kitanzania wamejifunza useremala na umeme mahali walipolala watoto wa Kipolandi. Ni nani kati yao aliambiwa?

Siwezi kuiandika habari hii kama ngano ya ukarimu mtupu. Aliyewapokea Wapolandi ni serikali ya mkoloni, na iliwapokea kama wazungu. Iliwapa sehemu ambayo mwenye ardhi hakuulizwa. Pale pale Meru, mwaka 1951, serikali hiyo hiyo iliwafukuza maelfu ya Wameru kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki ili kuwapa walowezi, na Kirilo Japhet akalazimika kwenda mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kudai haki. Wakati akina mama wa Kipolandi wanashuka melini, vijana wa Tanganyika zaidi ya 80,000 walipelekwa jeshini katika vita hivyo, wengine mpaka misitu ya Burma. Wazee wetu wa Keya, jeshi hilo la mkoloni, waliorudi walipewa nini? Haya yote yafundishwe pamoja. Lakini mtoto aliyeshuka kwenye lori Kidugala mwaka 1943, ametoka Siberia hana baba, hakuyapanga hayo. Na Mbena aliyemuuzia mama yake mayai na viazi, wakaelewana kwa vidole, ndiye shahidi ninayemtafuta.

Ninachoomba si kikubwa. Tuna somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, na kila mtaalamu ana lake analotaka liingie. Langu ni hili: Kidugala, Ifunda, Kondoa, Morogoro na Tengeru ziingie, si kwa mstari mmoja wa "wakimbizi walikuja", bali kwa maisha yao kamili na ya majirani zao Waafrika. Habari ya St. Ottilien isimuliwe katika shule zote zilizozaliwa na Peramiho. Halmashauri zenye makazi hayo ziweke hata kibao cha mbao chenye jina na miaka. Na chuo kikuu chochote chenye idara ya historia kitume wanafunzi na vinasa sauti mwaka huu, kwa maana aliyekuwa na miaka minane wakati wa vita leo amekaribia au amevuka 90.

Jambo hili la kuandika lina mfano wake ndani ya geto lenyewe. Emanuel Ringelblum alikuwa mwanahistoria aliyewahi kufundisha sekondari Warszawa, kazi yangu hii hii. Alipofungiwa na mkewe Yehudit na mtoto wao Uri, aliunda kikundi cha siri cha kukusanya kila kitu: barua, kadi za mgao, insha za watoto wa shule, bei ya mkate ya kila wiki, hata karatasi za pipi. Hawakuchagua yaliyoonekana makubwa. Walitaka mtu wa baadaye ajue familia ilikula nini Jumanne. Agosti 1942, treni zikiendelea kuondoka, mwalimu mmoja na vijana wawili walizika masanduku kumi ya bati chini ya jengo la shule. Mengine yakazikwa baadaye ndani ya madumu ya maziwa. Ringelblum na familia yake waligunduliwa mafichoni Machi 1944, mwezi ule ule wa akina Ulma, wakauawa. Masanduku yalifukuliwa 1946, madumu 1950, na kurasa zilizopatikana ni kama 35,000. Mengi tunayoyajua juu ya chakula cha geto yanatokana na watu wa namna hiyo.

Kwetu sisi hakuna anayetuwinda. Karatasi ipo, simu inarekodi, na wazee wachache bado wamekaa barazani Kidugala, Ifunda na Kondoa. Kama unaye bibi au babu aliyekulia jirani na kambi ya Wapolandi, muulize walikuwa wanakula nini, waliuziana nini, walizikana vipi, watoto walicheza pamoja au walikatazwa, na siku walipoondoka nani aliachiwa sufuria. Andika kwa maneno yake, kwa Kibena, Kihehe au Kirangi ikibidi, weka tarehe na jina la kijiji, kisha peleka nakala kwenye shule iliyo karibu nawe, umkabidhi mwalimu wa historia.